Nyumba Moja, Mafaili Manne

Tutunge nyumba moja ili tuelewane. Ipo kwenye mji mdogo wa Kanda ya Ziwa, ina vyumba vitatu na watu watano. Bibi ana miaka 71. Alihamia kwa mwanawe baada ya kufiwa na mume, ila shamba la marehemu bado liko mikononi mwake. Mwanawe ni fundi seremala ambaye kazi zimeadimika, na siku akinywa humpiga mkewe. Binti yao wa miaka 14 ameanza kulala kwa jirani usiku ambao baba anachelewa kurudi. Mdogo wake wa miaka tisa anapigana shuleni kila mara, na anachapwa kwa hilo. Na mtaani yameanza maneno kwamba bibi ndiye aliyemfunga mwanawe riziki.

Sasa pita ofisini uone nyumba hiyo imeandikwaje. Polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, mama ana faili alilofungua mwezi uliopita kisha akarudi kuomba lifungwe. Kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri kuna taarifa ya binti, iliyotolewa na jirani kwa simu. Shuleni mvulana yumo kwenye daftari la adhabu. Kwa mtendaji, bibi ameandikwa kama upande mmoja wa mgogoro wa mpaka wa shamba. Baba hana faili popote. Atalipata siku atakapokamatwa.

Kila ofisi hapo imefanya kazi yake kama ilivyoagizwa. Polisi waliandika maelezo, mwalimu alifuata utaratibu wa shule, mtendaji aliita pande mbili wakasikilizwa. Lakini kazi kukosekana, pombe, kipigo, ngumi za mtoto shuleni, binti kulala nje na shamba la bibi kutamaniwa ni mambo yanayolishana chini ya bati moja. Serikali huwapanga watu kwa umri wao na kwa aina ya kosa. Familia haijipangi hivyo. Makala haya yanaeleza Tanzania ilivyojaribu kuziunganisha ofisi hizo kuanzia ngazi ya mtaa, na mahali ambapo mshono umekuwa ukiachia.

Mipango minane ikawa mmoja

Mwaka 2009 Tanzania ilifanya utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto, na matokeo yakatangazwa 2011. Karibu wasichana watatu kati ya kumi, na takriban mvulana mmoja kati ya saba, walisema waliwahi kufanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Kupigwa kulikuwa jambo la kawaida zaidi: karibu robo tatu ya wote, wa kike kwa wa kiume. Kati ya wasichana waliofanyiwa ukatili wa kingono, aliyetafuta huduma yoyote alikuwa takriban mmoja kati ya watano. Baadaye utafiti wa afya na idadi ya watu wa 2015/16 ukaleta upande wa watu wazima: asilimia 40 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamewahi kupigwa tangu walipotimiza miaka 15.

Takwimu hizo husomwa kila moja peke yake, za watoto kwenye semina ya watoto na za wanawake kwenye semina ya wanawake. Zikiwekwa pamoja zinaonyesha kitu kingine: mtu aliyeandikwa kama mtoto wa kupigwa mwaka 2009 anaweza kuwa ndiye aliyeandikwa kama mke wa kupigwa, au mume wa kupiga, miaka michache baadaye. Kwamba mtoto anayekua akiona mama yake anapigwa ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupiga au kupigwa ukubwani ni jambo ambalo tafiti za nchi nyingi zimelirudia. Hiyo haimaanishi kila aliyepigwa atapiga. Wengi hawapigi.

Kabla ya 2017 serikali ilikuwa na mipango kazi minane tofauti iliyogusa ukatili dhidi ya wanawake au watoto, kila mmoja na vikao vyake na kamati zake. Kijijini maana yake ilikuwa kwamba mwenyekiti yuleyule, mwalimu yuleyule na mhudumu wa afya yuleyule waliitwa leo kwenye kamati ya watoto walio katika mazingira hatarishi, kesho kwenye kamati ya ulinzi wa mtoto, keshokutwa kwenye kamati ya jinsia. Ikaamuliwa mipango yote minane iunganishwe, ukazaliwa Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto, MTAKUWWA, wa 2017/18 hadi 2021/22. Lengo lake lilikuwa kupunguza ukatili huo kwa nusu.

Mpango ulikuja na muundo: kamati za ulinzi wa wanawake na watoto kutoka taifa hadi mkoa, halmashauri, kata, na chini kabisa kijiji au mtaa. Kwenye kamati ya mtaa hukaa viongozi wa mtaa, mwalimu, mhudumu wa afya, askari wa kata, viongozi wa dini, wazee, na hata watoto wawili, wa kike na wa kiume. Inatakiwa ikutane kila robo mwaka. Pembeni yake kuna vyombo vilivyokuwepo au vilivyokuwa vikiongezeka: madawati ya jinsia na watoto, ambayo yalivuka 400 katika vituo vya polisi nchini, Huduma ya Simu kwa Mtoto namba 116 isiyotozwa, na vituo vya mkono kwa mkono hospitalini.

Vituo hivyo ndivyo sehemu ambayo ushirikiano unaonekana kwa macho. Daktari, askari, afisa ustawi na mshauri hukaa jengo moja, ili mtu aliyefanyiwa ukatili asirudie kisa chake kwa watu wanne kwenye majengo manne. Cha kwanza nchini kilifunguliwa Hospitali ya Mnazi Mmoja, Zanzibar, mwaka 2011. Rwanda walikuwa wameanza vituo vyao vya aina hiyo, viitwavyo Isange, kwenye hospitali ya polisi ya Kacyiru mwaka 2009. Sababu ya kuwa ndani ya hospitali ni ya muda. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU baada ya kubakwa lazima zianzwe ndani ya saa 72, na za kuzuia mimba ndani ya siku tano, bora mapema zaidi. Anayetoka kijijini asubuhi na kuzungushwa ofisi tatu anaweza kufika kwa daktari saa zikiwa zimeshakwisha.

Pale kesi inapobadilisha mikono

Watu wengi, nikiwemo mimi, tukisikia "ushirikiano wa taasisi" tunafikiria kikao chenye chai, maandazi na karatasi ya mahudhurio. Vikao vipo na vina kazi yake. Lakini kesi haifi kwenye kikao, hufa njiani kati ya ofisi moja na nyingine.

Mfuate binti wa nyumba yetu ya kutunga. Tuseme siku moja anamwambia mwalimu kwamba kuna mtu mzima kwa huyo jirani anamshikashika. Mwalimu anamwambia mwalimu mkuu, ambaye anamtaarifu mtendaji. Hapo kila kitu ni cha miguu, mtu na mtu wanajuana. Mtendaji anatakiwa amfikishe kwa afisa ustawi, lakini kata nyingi hazina afisa ustawi. Aliyepo yuko makao makuu ya halmashauri, na anahudumia kata nyingi kwa pikipiki isiyo na mafuta ya uhakika. Polisi nao wanataka mtoto afike kituoni achukuliwe maelezo, kisha apewe PF3, fomu ambayo daktari hujaza alichokiona na ambayo mahakama itaitegemea. Viongozi wa serikali wamesema mara nyingi kwamba matibabu yatangulie fomu, lakini kwenye mapokezi ya vituo vingi fomu bado inaulizwa kwanza. Kutoka kijijini hadi polisi ni nauli, kutoka polisi hadi hospitali ni nauli, na mtoto hasafiri peke yake.

Nani analipa nauli hiyo? Swali linaonekana dogo kwenye mpango wa taifa. Kwa mtendaji ndilo swali lenyewe. Kwenye kata ambako kamati inafanya kazi, utakuta mara nyingi kuna mtu aliyelijibu: halmashauri imetenga fungu, au shirika linafadhili, au mtendaji mwenyewe anatoa mfukoni na kunyamaza.

Halafu kuna suala la mabosi wawili. Afisa ustawi wa halmashauri ameajiriwa chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, huku miongozo ya kazi yake ikitoka Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, iliyoundwa Januari 2022 baada ya kutenganishwa na Wizara ya Afya. Askari wa dawati yuko chini ya Mambo ya Ndani, na hukumbwa na uhamisho kama askari yeyote. Mwendesha mashtaka yuko ofisi nyingine kabisa. Daktari aliyejaza PF3 anaweza kuitwa kutoa ushahidi baada ya mwaka na zaidi, akiwa keshahamishiwa mkoa mwingine. Hakuna kati ya hawa anayeweza kumwagiza mwenzake. Mkurugenzi wa halmashauri anaweza kuagiza walio wake; polisi si wake.

Kwa sababu hiyo, mahali ambapo mambo yanakwenda hutegemea sana mtu. Kuna wilaya ambako afisa ustawi na mkuu wa dawati wana namba za simu za kila mmoja na wanajibu hata Jumapili. Mmoja akihamishwa, uhusiano unaondoka naye, na mgeni anaanza upya. Ndiyo maana wanaoifahamu kazi hii husisitiza vitu vikavu: fomu moja ya rufaa inayotambuliwa na ofisi zote, jina la anayepokea, tarehe ya kupokea, na jibu la kurudi kwa aliyetuma. Jibu la kurudi husahaulika zaidi ya yote. Mwalimu aliyetoa taarifa na asisikie tena lolote hatatoa ya pili.

Takwimu nazo hupotea hapohapo. Polisi wana rejesta yao, hospitali ina yake, ustawi wana yao. Mtu mmoja anaweza kuhesabiwa mara tatu kwenye taarifa ya mwaka, na mwingine aliyeishia kwa mwenyekiti wa mtaa asihesabiwe hata mara moja.

Yaishie nyumbani

Kuna nguvu nyingine inayovuta upande wa pili, nayo haitoki serikalini tu. Ndugu watakaa na kusema yaishie nyumbani. Baba wa binti atapewa ng'ombe au fedha, na shahidi mkuu hatafika mahakamani. Kesi za kubaka na za mimba za wanafunzi zimekufa kwa njia hii miaka na miaka, na waliozimaliza mara nyingine wamekaa kwenye kamati hiyohiyo ya ulinzi. Kamati imetokana na jamii ileile. Katika utafiti wa 2015/16, asilimia 58 ya wanawake na asilimia 40 ya wanaume walikubali kwamba mume ana haki ya kumpiga mke kwa angalau sababu moja kati ya walizosomewa, kama kuunguza chakula au kutoka bila kuaga. Ukichagua watu kumi wa kamati bila kuwafundisha, umechagua na maoni hayo.

Sheria yenyewe inasema mambo mawili. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inaeleza wazi kwamba mwanandoa hana haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Sheria hiyohiyo inataka mgogoro wa ndoa upite kwanza kwenye baraza la usuluhishi kabla ya kuomba talaka mahakamani, isipokuwa kwa sababu maalum. Usuluhishi ni jambo jema kwa watu wanaogombana, lakini mmoja akiwa anapiga na mwingine anapigwa, kuwaweka kwenye benchi moja waombane radhi ni kumrudisha mama kwenye kipigo akiwa na barua ya baraza mkononi.

Tena Tanzania haina sheria mahususi ya ukatili wa majumbani. Uganda wanayo tangu 2010, Kenya tangu 2015. Sheria ya Kenya inairuhusu mahakama kutoa amri ya ulinzi, kwa mfano kumzuia mtu asimsogelee mkewe au asiingie nyumbani, bila kusubiri ahukumiwe jela. Kwetu anayepiga hushtakiwa kwa kushambulia kama aliyepigana baa. Kwa mama wa nyumba yetu hilo linamwachia njia mbili: avumilie, au mume aende ndani na pesa ya kula iende naye. Alipokwenda kuomba faili lifungwe hakuwa mjinga. Alipiga hesabu.

Bibi wa macho mekundu

Mpango wa wanawake na watoto hauna neno "mzee" kwenye jina lake, na nadhani upungufu huo umegharimu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtu mmoja kati ya sita wenye miaka 60 na zaidi hufanyiwa ukatili wa aina fulani kwa mwaka akiwa kwenye jamii yake. Kwa mikoa ya Shinyanga, Simiyu, Mwanza, Geita na Tabora, sura ya jambo hili kwa miaka mingi imekuwa mauaji ya wazee, wengi wao wanawake, kwa tuhuma za uchawi. Taarifa za haki za binadamu zimetaja mamia ya waliouawa katika baadhi ya miaka.

Mauaji haya yanafaa kusomwa taratibu, kwa sababu yanaonyesha kuliko kitu kingine kwa nini ofisi moja haitoshi. Mzee anatajwa kuwa mchawi kwa sababu macho yake ni mekundu. Macho ni mekundu kwa sababu amepikia kuni, mabua ya pamba au samadi kavu ndani ya nyumba isiyo na dirisha kwa miaka hamsini. Mtoto wa jirani anaugua. Zahanati iko mbali au haina dawa, wazazi wanakwenda kwa mpiga ramli. Mpiga ramli anataja mtu. Na mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna shamba: mjane mwenye ardhi, na ndugu wa marehemu au hata watoto wanaoona anachelewa kuondoka. Amri ya sheria za kimila ya 1963, kuhusu urithi, imewabana wajane wa jamii nyingi. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua dhidi ya Tanzania katika shauri la wajane wawili kutoka Shinyanga walionyimwa urithi kwa kanuni hizo.

Sasa uliza nani anazuia. Polisi hufika panga likishatumika. Aliyeweza kuzuia ni fundi wa majiko banifu, yale yanayopunguza moshi, na kweli mashirika ya kutetea wazee Usukumani yalijenga majiko hayo pamoja na kutoa elimu. Ni ofisi ya ardhi ya kijiji inayoweza kuandika hati ya kimila kwa jina la mjane. Ni mganga mfawidhi wa zahanati, na mratibu wa tiba asili anayesajili waganga, kwa kuwa ramli chonganishi ni kosa na serikali iliipiga marufuku kwa nguvu mwaka 2015 wakati wa mauaji ya watu wenye ualbino. Ni sungusungu, walinzi wa jadi, ambao kijijini wanajulikana kwa pande zote mbili: wamewahi kulinda wazee, na wamewahi kuwafukuza. Wengi wa watu hawa hawana habari kwamba wanafanya kazi ya kuzuia ukatili wa kifamilia, na kwenye orodha ya kamati hawamo.

Zanzibar wamegusa mzizi mwingine. Tangu Aprili 2016 kila mkazi aliyefikisha miaka 70 hupata pensheni jamii, iliyoanza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kujali kama aliwahi kuajiriwa. Fedha hizo hazitoshi kuishi, ila zinabadilisha nafasi ya mzee ndani ya nyumba. Anayeleta sukari na sabuni hasemwi vilevile na asiyeleta kitu. Bara, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa kwa vikundi imegawanywa nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Wazee hawamo kwa jina lao.

Kinachopunguza kipigo

Kuna ushahidi wa Afrika Mashariki kwamba kipigo kinaweza kupungua kabla hakijatokea, bila polisi. Kampala, mradi wa SASA! ulitumia wanajamii wa kawaida, wauza duka, askari, wanawake na wanaume wa mtaani, kuzungumza na majirani zao juu ya nguvu ndani ya ndoa: nani anayo, anaitumiaje. Matokeo yaliyochapishwa 2014 yalionyesha kwamba ukatili wa kimwili wa wenza ulikuwa pungufu kwa takriban nusu kwenye maeneo yaliyofikiwa kuliko yasiyofikiwa. Maeneo yalikuwa manane tu, kwa hiyo tarakimu hiyo isibebwe kama sheria ya hesabu.

Mwanza nako watafiti walichukua vikundi vya wanawake wa mikopo midogo, baadhi vikapewa mafunzo ya vikao kumi juu ya mahusiano na jinsia. Takriban miaka miwili baadaye, wanawake asilimia 23 wa vikundi vilivyofundishwa walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili au kingono na wenza wao katika mwaka uliopita, dhidi ya asilimia 27 kwa wengine. Si muujiza, lakini umepungua kweli. La kuvutia zaidi ni jaribio la pili: mafunzo yaleyale kwa wanawake wasio kwenye vikundi vya mikopo hayakuonyesha tofauti ya kueleweka. Inawezekana elimu bila kipato, na bila wenzako wa kikundi wa kukushika mkono, inabaki maneno. Kwa halmashauri hii inaleta swali la kazi: kwa nini afisa maendeleo ya jamii anayesimamia mikopo na afisa ustawi anayepokea kesi hukutana ukumbini na si kwenye kikundi kilekile cha akina mama?

Na yule baba? Hapa mfumo mzima una shimo. Mama ana dawati, mtoto ana 116, mzee ana baraza la wazee pale lilipo. Mwanamume ambaye kazi zimekwisha, anayekunywa na kuanza kupiga, hana mlango wa kugonga kabla hajawa mtuhumiwa. Wanaomwona wa kwanza ni wenzake wa kijiweni, imamu, mchungaji, na mwenye kilabu. Kituo cha afya kingeweza kumpokea kwa tatizo la pombe kama tatizo la afya, lakini vichache vina mtu wa kazi hiyo. Wapo watakaosema kumshughulikia mpigaji ni kumbembeleza. Mimi naona ni kumkinga mtu wa pili asipigwe.

Kwa watoto, mgongano uko wazi kuliko wote. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza mateso na adhabu za kikatili, lakini inaacha nafasi ya kumrudi mtoto kwa kiasi, na kanuni za elimu bado zinaruhusu viboko hadi vinne kwa utaratibu maalum. Mvulana wetu wa miaka tisa anapigwa kwa sababu anapiga, na anapiga kwa sababu anaona kupigwa. Mwalimu aliyemo kwenye kamati ya ulinzi ndiye aliyeshika fimbo asubuhi.

Siri ya kamati

Jambo moja huwatisha watu wasitoe taarifa, nalo ni haki yao kuliogopa: kamati ya watu kumi na zaidi kwenye mtaa ambako kila mtu anamjua kila mtu. Ukitaja jina la binti mbele ya wote, jioni liko sokoni. Ushirikiano uliofikiriwa vizuri haumwambii kila mtu kila kitu. Mwalimu anahitaji kujua kwamba mtoto huyu asichapwe kwa sasa, na nani hatakiwi kumchukua getini; hahitaji kujua alichofanyiwa. Mwenyekiti wa mtaa anahitaji kujua kwamba kuna nyumba ya kupitia jioni. Mhudumu wa afya anahitaji tarehe ya mtoto kurudi kliniki. Kisa chote kinabaki kwa afisa ustawi, daktari na askari wa dawati. Kamati kamili ijadili mienendo bila majina: pombe inauzwa mpaka saa ngapi, njia gani ya kwenda shule ina giza, wajane wangapi wana kesi za mashamba msimu huu.

Mwaka 2024 ilizinduliwa awamu ya pili ya mpango, ya 2024/25 hadi 2028/29. Atakayeipima kwa kuhesabu kamati atapata tarakimu kubwa, kwani kuunda kamati ni rahisi na kamati haina gharama mpaka ianze kufanya kazi. Kipimo kingine kiko kwenye bajeti ya halmashauri yako, ambayo ni haki yako kuiulizia kwenye mkutano wa hadhara: fungu la usafiri wa mtu aliyefanyiwa ukatili ni kiasi gani, na lilitumika lini mara ya mwisho?

Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto kinamtaka mwanajamii mwenye ushahidi kwamba haki za mtoto zinavunjwa aitaarifu serikali ya mitaa. Huhitaji kuwa ndugu wala kuombwa na mtu. Ukipiga 116 au ukienda dawati, usieleze mtoto peke yake. Taja wote wanaoishi kwenye nyumba hiyo, umri wao, nani anategemea nani kwa chakula, na kama kuna mzee ambaye watu wameanza kumsema. Mpokeaji akisema mengine hayo si ya ofisi yake, muombe jina la ofisi inayohusika na uandike tarehe.